Mtani Wangu Baharini

Mimi ni Mhehe, marehemu alikuwa Mgogo, na kwa mtu wa kanda hii maneno hayo yanatosha kueleza karibu kila kitu nitakachosema hapa. Kwa asiyejua: Wahehe na Wagogo ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona bora wajukuu wao watupiane maneno badala ya mikuki. Mtani anaweza kuingia kwako bila hodi, akala ugali wako huku akiusema vibaya, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Mimi ulimi wangu ulikuwa mwepesi tangu shule ya msingi, kwa hiyo utani niliuona kama kazi niliyozaliwa nayo, na niliifanya kwa bidii kuliko hata ile inayonipa mshahara.

Inayonipa mshahara ni ukarani wa masjala. Kabla serikali haijahamia Dodoma nilikaa Dar es Salaam miaka tisa, na huko, katikati ya mafaili, nikajifunza kupanda mawimbi. Watu wakisikia hivyo huangalia kwanza kitambi changu. Lakini ni kweli. Jirani na nilipopanga kulikuwa na vijana ambao kusi ikianza kuvuma walikwenda ufukweni na vipande vya mbao, wakavilalia kwa tumbo, wimbi likawasukuma hadi mchangani. Siku moja nikaazima kipande. Nikanywa maji ya chumvi mpaka masikio yakaziba, na kesho yake nikarudi. Ilinichukua mwaka mzima kuweza kusimama. Ukisimama ni sekunde nane, tisa hivi, kisha unaanguka. Katika sekunde hizo sikumkumbuka bosi wala mwenye nyumba, na hilo kwa mtu wa hasira kama mimi si jambo dogo.

Ufukwe wenyewe si wa kwenye kalenda. Uko karibu na mji, na Jumamosi mji wote unahamia pale. Kuna mihogo ya kukaanga, kuna watoto waliokaa ndani ya tyubu za magari, kuna wachumba wameshika viatu mkononi, kuna wapiga picha wanaokufuata hadi kwenye maji. Wimbi moja linakuja, na watu kumi na tano wanalitaka. Unakwepa kichwa cha mtoto, unamkwepa mzee aliyeingia na suruali, unagongana na kijana wa chuo ambaye anakutukana kidogo na kukuomba radhi kidogo. Mtu angekuambia kwamba mahali penye macho mengi vile hawezi kufa mtu, ungekubali. Mimi nilikubali.

Halafu tukahamishiwa Dodoma. Nikapanga Nzuguni, nyumba ya vyumba viwili inayopigwa na upepo mchana kutwa. Upepo huo ulinitesa. Ukifumba macho unadhani upo ufukweni, ukifumbua unakuta vumbi limeingia kwenye chai. Nilivumilia hivyo miaka kadhaa, mpaka ilipoanza treni ya umeme. Ghafla Dar ikawa mwendo wa asubuhi tu: unaondoka Jumamosi alfajiri, kabla ya saa sita mchana miguu iko majini. Kilichobaki kilikuwa ubao, maana wangu niliuuza wakati wa kuhama kwa ujinga wa kudhani nimekua.

Ndipo nilipokwenda Kizota, kwenye karakana ya seremala mmoja aliyesifika kwa milango. Alikuwa kijana wa miaka thelathini kasoro, mwembamba, ana vumbi la mbao hadi kwenye kope. Nikamchorea ninachotaka. Akaigeuza karatasi juu chini.

"Mlango wa chumba gani huu, mwembamba hivi?"

"Si mlango. Ni ubao wa kupanda mawimbi."

Akachungulia nje, kwenye barabara ya vumbi. "Mawimbi ya wapi?"

"Ya Dar."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Iringa."

Aliweka randa chini taratibu, uso umemchangamka. "Kumbe Mhehe. Basi nimekuelewa. Mbwa wa Iringa mmewala wakaisha, sasa mnawafuata wa baharini."

Nikamwambia siwezi kumlaumu, Mgogo atajua wapi habari za maji, watu ambao wanaoga kwa zamu na kikao kwanza. Akacheka mpaka akakaa juu ya rundo la mbao. Hatukuwa tumejuana hata robo saa, na tayari tulikuwa ndugu wa kutukanana.

Ubao aliutengeneza kwa yale mapovu meupe makavu yanayofungiwa friji mpya. Aliyaokota madukani, akayagandisha pamoja, akayavalisha plaiwudi nyembamba, juu yake akapaka faiba ile wanayozibia magari yaliyogongwa. Urefu tuliupunguza ili treni isitukatalie. Nilipokwenda kuuchukua akaniambia na yeye anakuja. Kisa? "Nataka kuona kama unaelea. Sitaki fundi wa Kizota asemwe vibaya Dar es Salaam."

Hakuwa ameiona bahari. Alisimama mchangani muda mrefu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Mwishowe akasema, "Yote haya ni maji? Na hakuna ng'ombe hata mmoja." Kisha akavua shati. Kuogelea alijua, kwa namna yake. Alijifunzia kwenye lambo la mifugo kijijini kwao, mbele ya Ihumwa, kichwa juu na miguu ikipiga chini ovyo. Siku ile ile alisimama juu ya ubao. Mimi nilihangaika mwaka, yeye mchana mmoja. Makalio nyuma, magoti yamekunjwa, ulimi umetoka nje na kubanwa kwa meno. Alikuja hivyo hadi miguuni pangu. Nikamtukana kwa wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa kweli.

Akajitengenezea wa kwake. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, tulikwenda. Mama yake alimwambia anafuata vitasa na bawaba, eti za Dar ni imara zaidi. Nilimuuliza kwa nini anamdanganya mama wa watu. Alisema, "Mama akisikia naingia kwenye maji yanayopita kiuno, atapanda treni aje kunitoa mwenyewe." Alikuwa kitinda mimba wake. Alimpenda mama yake kiasi cha kunichosha. Kila safari tulirudi na kilo ya dagaa kwa ajili yake, na behewa zima likanuka.

Sasa niuseme ule mchezo. Safari ya pili au ya tatu, akiwa kule mawimbi yanakoanzia, aliinua mkono akapiga kelele, "Mtani, nakufa!" Kisha akazama. Niliogelea mpaka nikahisi moyo utapasuka. Nilipofika nikamkuta amesimama. Kumbe pale kuna fungu la mchanga, maji yanamfika kifuani. Alicheka hadi akakohoa. Vijana wa mawimbi nao wakacheka, na kwa mchana mzima waliniita mkombozi. Sikununa, maana hairuhusiwi, lakini iliniuma. Safari iliyofuata alipoita, "Mtani, nakufa," nilikuwa nimejiandaa. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika ufukwe mzima, "Kufa basi, nirithi mbuzi!"

Watu walivunjika mbavu. Na hapo mchezo ukapata wimbo wake na kiitikio chake. Kila safari aliita, nami nilijibu, na kadiri miezi ilivyokwenda hata vijana wa pale wakawa wanajibu pamoja nami. Mama mmoja anayekaanga mihogo hakupenda. Aliniambia, "Baba, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kifo hakiitwi kila mwezi." Nikamwambia sisi ni watani, mama, haituhusu. Nilimwambia kwa kujiamini kabisa, huku nikichovya muhogo wake kwenye pilipili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya sikukuu, katikati ya kusi. Sijapata kuona watu wengi vile. Mawimbi yalikuwa makubwa kidogo kuliko kawaida na maji yalivuta kuelekea upande mmoja. Nililigundua hilo, nikalisema, naye akanijibu Wahehe wanaogopa hata supu. Nilipanda mawimbi matatu, nikachoka, nikabaki kwenye maji ya kiunoni nikipiga soga na mtu niliyesoma naye ambaye tulikutana hapo kwa bahati. Ubao wa mtani wangu ulikuja ufukweni peke yake. Sikushtuka. Mara nyingi kamba ya kufungia ubao mguuni ilimkatikia, akaogelea kuufuata.

Kisha nikasikia, "Mtani, nakufa!"

Nilimwona. Mkono uko juu, kichwa kinaonekana na kupotea. Nikavuta pumzi nikajibu, "Kufa basi, nirithi mbuzi!" Yule niliyesoma naye alicheka sana, ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. Watu wasiotujua nao wakacheka. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi. Mara ya pili aliita, na mara hiyo hakusema mtani. Alisema tu, "Nakufa." Nililisikia pengo hilo. Sikio langu lililinasa, kichwa changu kikaliacha lipite, kwa sababu nilikuwa namweleza mwenzangu chanzo cha utani wetu.

Nilipogeuka tena vilikuwa vichwa mia mbili majini na mimi natafuta kimoja. Vijana wa mawimbi ndio waliompata, upande wa mbali, maji yalikomsukumia. Walimlaza mchangani wakambonyeza kifua, zamu kwa zamu, mpaka mmoja wao akaanza kulia. Watu walituzunguka na simu zao. Nilikuwa nimempigia magoti namwambia, "Amka, nimekubali, umenishinda." Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo nilivyosema.

Habari nilizipeleka kwa simu kwa kaka yake mkubwa. Nilisema amezama. Tulimrudisha Dodoma kwa gari, na ubao wake juu ya gari, maana sikujua niuache wapi. Tulipofika kijijini mama yake alikuwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa mbele, wanawake wamemshika mabega. Nilisema shikamoo mama, akaitika marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaniuliza, "Vitasa vinauzwa baharini?"

Nikaenda kukaa na wanaume. Kaka zake wawili, wachunga ng'ombe, watu wa maneno machache na fimbo zao, walinipisha nafasi katikati yao. Mkubwa alingoja nimalize kunywa maji, akauliza, "Mlikuwa wote. Hakuita?"

"Kule kuna kelele za mawimbi," nikasema. "Sikusikia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Maana angekuwa ameita na mtu akakaa tu, huyo tungemzika naye." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mpaka wa shamba uko wapi. Nikabaki pale katikati yao siku mbili, nakula nao sahani moja.

Msiba wa kwetu huku hauna adabu, kama hujazoea. Watani ni lazima. Wanawake wa Kihehe walioolewa jirani walikuja wakaficha majembe, mmoja akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, marehemu atafute kwingine. Walipewa. Ndivyo wafiwa wanavyopata kupumua. Mtu akilia siku tatu bila kucheka, naye anaweza kufa. Baada ya mazishi, watu wamekaa uani, baba mkubwa wa marehemu akasimama akasema, "Huyu marehemu alikuwa na mtani wake wa mjini. Mbona amekaa kama mgeni? Asimame atuonyeshe mtu wetu alikuwaje."

Hiyo ndiyo desturi. Mtani humwigiza marehemu: anavyotembea, anavyokohoa, anavyokula. Hukatai. Mtu akauleta ule ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, akauweka kwenye vumbi mbele yangu.

Nikalala juu yake kwa tumbo. Nikapiga makasia kwa mikono, vumbi likaruka. Nikasimama: makalio nyuma, magoti yamekunjwa, ulimi nje. Nikasema kwa sauti yake, "Yote haya ni maji? Na hakuna ng'ombe hata mmoja." Uani pote palilipuka kwa kicheko. Wanawake walicheka huku wakilia. Nikamtazama mama yake. Alikuwa amefunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na macho yake yalikuwa yananitazama miguu. Alikuwa anamwona mwanawe akifanya kitu ambacho hakupata kumwona akifanya. Niliendelea. Nilimwonyesha kila anguko lake na kila alivyoinuka, mpaka jasho likaniingia machoni.

"Na siku ile, mtani?" mama akauliza. "Tuonyeshe na siku ile."

Kaka zake walikuwa wamekaa hatua tano kutoka kwangu. Sijui nilipata wapi nguvu, au kama ilikuwa ni nguvu. Nilikuwa nimechoka kula sahani moja nao. Nikainua mkono kama alivyouinua. "Mtani, nakufa," nikasema. Kisha nikageuka, nikawa mimi. "Kufa basi, nirithi mbuzi." Nikainua tena mkono. "Nakufa." Nikasema, "Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliita mara mbili. Nilisikia zote mbili. Nilikuwa kwenye maji ya kiunoni nikipiga soga, nikamjibu hivyo, nikageuza mgongo."

Niliona fimbo ya kaka mkubwa ikisogea kwenye vumbi.

Ndipo mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, akajipiga mapaja, akasema kwa Kigogo maneno ambayo sikuyashika, halafu kwa Kiswahili, "Mhehe huyu! Hata leo anataka mbuzi!" Na wote wakacheka baada yake. Walicheka kwa namna ambayo sijasikia tena. Wazee walishikana, mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda. Kaka mkubwa alifuta machozi kwa ncha ya shuka lake. "Mpeni," akasema, "mpeni mbuzi wake, amestahili." Wakanikabidhi kamba, mwishoni mwake mbuzi jike mwenye madoa, na watu walikuja kunishika mkono mmoja mmoja wakinishukuru kwa kuwapunguzia huzuni. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu mbele ya kijiji kizima, nikapongezwa.

Mbuzi huyo aliishi Nzuguni nyuma ya nyumba yangu wiki tano. Sikuweza kumla wala kumuuza. Alikuwa akila maboksi na kunitazama ninapofua. Ofisini niliacha kuongea. Wenzangu walidhani ni msiba, wakanipa pole mpaka pole zikanichukiza. Wiki ya tano nikamkodia pikapu, nikampeleka kwao.

Nilimkuta mama peke yake, anapepeta uwele. Kaka zake marehemu walikuwa machungani. Nikaamkia, akaitika, akanitolea kigoda. Nilimwambia nimemrudisha mbuzi. Nilimwambia yale niliyosema siku ya mazishi hayakuwa utani, ni kweli kabisa, yote. Nililia nilipokuwa namwambia, nikasema ninachotaka ni yeye ajue.

Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Akasimama akingoja ninywe. Nilipomrudishia kikombe akakipindua, akakifuta ndani kwa kidole.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu anayetania hatetemeki magoti."

"Sasa mbona ulicheka, mama?"

"Wanangu walikuwa watatu. Mmoja nimemzika. Hawa wawili wangekuua pale uani, wakachukuliwa, nikabaki na nani?" Alisema bila haraka, Kiswahili chake kikitafuta kila neno. "Nimecheka juu ya kaburi la mwanangu kwa ajili yako. Nimecheka kwa mdomo huu. Sitaki kukuona tena, mtani. Chukua mbuzi wako. Watoto wakirudi wakamkuta hapa, watauliza kwa nini umemrudisha."

Nikafungua kamba. Mbuzi alikuwa amepajua kwao, akaganda, miguu minne yote ameikita. Nikamvuta, akalia. Nikamvuta tena. Ilibidi mama mwenyewe azunguke nyuma yake, ainame, amsukume kwa mikono miwili mpaka tulipotoka kwenye uzio wake.